Mtihani wa Arizona

Nunu Khalfan alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake, nao ulikuwa umemtumikia miaka mitatu bila kumwangusha. Uongo wenyewe ulikuwa neno moja: mtihani. Akialikwa harusi Jumamosi ambayo mazoezi yake ya mbio yanamtaka akimbie maili ishirini na tano, ana mtihani. Akiitwa kusaidia kupika biriani ya maulidi na magoti bado yanamuuma kwa vilima vya jana, ana mtihani. Na watu wa Springfield waliotoka Tanga, Mombasa na Unguja, ambao wana la kusema juu ya kila kitu, kuanzia chumvi ya mchuzi wa jirani hadi rangi ya gari lake, wakisikia mtihani hunyamaza. Wengi wao walikuja Marekani kwa ajili ya shule, au shule ya watoto wao. Mtu anayesoma wanamwona kama mtu aliyebeba mtungi kichwani: mpishe apite.

Shule alikuwa nayo kweli, hilo lisemwe. Alikuwa na miaka thelathini na saba, ameachika, hana mtoto, na jioni za Jumanne na Alhamisi alikuwa akisomea uuguzi katika chuo kimoja cha hapo kaunti. Mchana alifanya kazi katika kituo cha kusafishia damu, wanakokaa wagonjwa wa figo kwenye viti saa nne nzima huku mashine ikiwazungushia damu yao. Zamu ilianza saa kumi na nusu alfajiri, ikaisha saa tisa mchana. Kuanzia saa tisa mpaka magharibi ndipo alipokimbia, akilizunguka ziwa la Accotink kwa suruali ndefu na mtandio uliobanwa vizuri, masikioni anamsikiliza mwalimu wake akieleza milango ya moyo. Siku za barafu alikwenda ukumbi wa mazoezi, akajifungia kwenye chumba cha joto na kadi zake za masomo mpaka wino ukamchujukia vidoleni. Alikuwa anauzoesha mwili jangwa. Alikuwa amejiandikisha kwa mbio za mwezi wa tano, za maili mia moja katika jangwa la Utah, na mtu haendi huko na mapafu ya Virginia tu.

Mwanzoni aliwahi kusema ukweli. Mwaka wa kwanza, kwenye sherehe ya akika ya mtoto, alimwambia mwanamke mmoja kwamba Jumapili anakimbia maili thelathini. Kabla sahani hazijaondolewa habari ilikuwa imeuzunguka ukumbi mzima. Mmoja akauliza nani anamfukuza. Mwingine akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wa tatu, kwa huruma iliyozidi matusi, akasema masikini, mwanamke akiachwa lazima atafute pa kupeleka mawazo. Nunu alicheka nao, akarudi nyumbani, akalia kwa hasira. Tangu siku hiyo akawa na mitihani.

Mtu pekee aliyekuwa akijisikia vibaya kumdanganya ni Bi Ummu.

Bi Ummu alikuwa mama wa watu wote pale, ingawa kwa kuzaa alikuwa mama wa Yasir peke yake. Alitoka Unguja zamani na kuishi katika nyumba ya mwanawe, mitaa miwili kutoka kwa Nunu, pamoja na mkewe Yasir aitwaye Kali, Mmarekani mweusi wa Maryland aliyejifunza Kiswahili darasani kabla hajamjua Mswahili yeyote. Kazi ya Bi Ummu, asiyolipwa wala kuomba kulipwa, ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Akifa mwanamke wa Kiislamu wa pwani yetu popote kati ya Springfield na Bowie, simu ilipigwa kwake kwanza. Miaka tisa nyuma mikono yake ilianza kutetemeka, akamtazama kila mtu barazani, akamchagua Nunu.

"Wewe una mikono mitulivu," alimwambia. "Na huna mdomo."

Akamfundisha. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, maana aliyekufa haumizwi. Kuanza upande wa kulia. Kumfunika muda wote, mkono ukipita chini ya nguo. Karafuu maiti kwenye maji ya mwisho. Nywele kufumuliwa, kuoshwa, kusukwa mikia mitatu. Na lolote utakaloliona kwenye mwili ule, kovu, uvimbe, alama ya kipigo cha zamani, linabaki ndani ya chumba kile. Wawili hao waliosha wanawake kumi na saba pamoja. Kila walipomaliza, Bi Ummu alikausha mikono yake taratibu na kusema, "Mwosha huoshwa, mwanangu." Na mwaka jana, siku ya Idi, nyumba imejaa, aliweka kikombe chini akasema mbele ya watu wote: "Mimi nikifa, asinioshe mtu ila Nunu. Yasir, umesikia? Huo ni wasia."

Yasir alisema amesikia. Nunu alisema inshallah, Mwenyezi Mungu akuweke. Lakini aliahidi. Alimshika mkono mbele ya watu akaahidi.

Sasa ilikuwa mwezi wa tatu, na Bi Ummu alikuwa anakwisha. Madaktari walisema moyo. Nunu hakuhitaji daktari. Kila siku kazini aliwaona watu wenye miguu ya namna ile, imevimba mpaka ukiibonyeza shimo linabaki, na pumzi ile ya kukatwakatwa kila baada ya maneno matatu. Alijua kwamba mtu wa hali hiyo anaweza kukaa miezi sita, na anaweza kukaa siku sita.

Na mwezi huohuo wa tatu ndio uliokuwa wa safari ya jangwani.

Safari hizo zilikuwa za Jumaane, mhandisi wa Greenbelt kwenye kituo cha utafiti wa anga, mtu mrefu mwenye ndevu za mvi aliyesoma Kiswahili chuoni na mpaka leo humwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto. Alikuwa na kikundi cha wakimbiaji wanne. Mara mbili kwa mwaka waliruka kwenda Arizona, wakapiga kambi siku nne mahali pasipo barabara wala mtandao wa simu, wakakimbia juu ya mchanga na mawe kati ya mipungate ya miiba, mirefu kama nguzo za umeme. Nunu alikuwa ameshakwenda mara tatu. Alipenda ule mchanga mgumu wa mikondo ya mito iliyokauka, alipenda kuamka na kukuta maji kwenye chupa yameganda na saa sita baadaye jua linamchoma kisogo. Zaidi ya yote, alipenda jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu lilimtia aibu. Kule hakuna aliyemhitaji. Hakuna mgonjwa wa kuchoma sindano, hakuna mwalimu, hakuna maiti. Siku nne alikuwa mtu wa miguu yake mwenyewe, na alirudi amenyooka, kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mshika mawili, moja humponyoka," alijiambia wiki nzima. Yeye alikuwa ameshika manne. Lakini tikiti ilikuwa imeshakatwa, likizo imeshaombwa, na hii ndiyo ilikuwa safari ya mwisho kabla ya mbio za Utah. Akiikosa, alijua, maili mia asingezimaliza.

Jumatano mchana, siku moja kabla ya kuondoka, alikwenda kumtazama Bi Ummu. Alimkuta amekaa kitandani ameegemea mito mitatu, Kali anamkanda miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekonda? Hawa walimu wanakula wanafunzi?"

Nunu alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amedhamiria kusema ukweli. Njiani alikuwa ameyapanga maneno: mama, nakwenda jangwani kukimbia, niruhusu. Angesema hivyo, Bi Ummu angecheka, pengine angemkanya kidogo, na angemtazama vizuri machoni, na Nunu angejua hapohapo aende au abaki. Ndiyo maana hakusema. Alitaka kwenda.

"Nasafiri kesho, mama. Nina mtihani. Unafanyika Arizona, siku nne. Jumatatu nimerudi."

Kali aliinua kichwa. "Arizona?" alisema. "Mtihani wa uuguzi unafanywa Arizona?"

"Wa vitendo," akajibu Nunu. "Wanatupeleka huko."

Kali alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye miguu ya mama mkwe wake. Bi Ummu alifurahi waziwazi. Alimshika Nunu mkono, mkono wake mwenyewe baridi na laini, akasema, "Nenda, mwanangu. Usinifikirie. Ukifaulu nitakupikia mkate wa ufuta kwa mikono hii hii." Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kumaliza sentensi. Nunu alizihesabu.

Arizona, Alhamisi jioni, kabla gari halijaingia porini, Jumaane aliwagawia karatasi. Alikuwa na kile kifaa kidogo kinachopokea ujumbe kwa satelaiti hata mahali pasipo mtandao, na kila mmoja alitakiwa aandike mtu wa nyumbani atakayepewa namba yake.

"Ukipata emergency, au wao wakipata, tunajua within minutes," alisema. "Dada Nunu, umeacha blank."

"Sina wa kumwandika."

"Kila mtu ana mtu."

Nunu aliishika kalamu. Jina la Yasir lilikuwa hapo hapo kwenye ncha yake. Lakini Yasir akipewa namba ya satelaiti ya Jumaane wa Greenbelt, angeuliza mtihani gani huu unaofanywa porini na wanaume. Aliandika jina la msimamizi wake wa kazini, akampa karatasi. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba mwenyewe ndiye huipima na kuikata.

Ijumaa jioni walitoka kambini kwenda kujaza maji kwenye kituo cha mafuta, maili arobaini kutoka hapo, na simu yake ikapata mtandao. Alimpigia Yasir kabla hata hajashuka garini.

"Mama hajambo?"

Nyuma ya Yasir ilisikika sauti ya mwanamke ikiita jina kwenye kipaza sauti, na mlio, mlio ambao Nunu aliusikia kila siku ya kazi na angeutambua hata usingizini. Mashine ya hospitali.

"Hajambo," alisema Yasir. "Amelala. Wewe tulia, dada, fanya mtihani wako. Sisi tunakuombea."

Nunu alikuwa na swali moja la kuuliza, mko wapi. Jumaane alikuwa anamwonyesha kwa mkono kwamba maji yamejaa, twende.

"Haya," alisema. "Msalimie akiamka."

Alijua, naye akakata simu. Wengine wangesema hakuwa na hakika, na yeye mwenyewe alijaribu kusema hivyo siku nyingi baadaye, akashindwa. Uwanja wa ndege ulikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kutoka pale. Angemwambia Jumaane, angemfikisha usiku uleule bila kuuliza swali.

Jumamosi alikimbia maili thelathini na moja. Ilikuwa siku yake bora kuliko zote. Tumbo halikumsumbua, miguu ilikuwa myepesi, na kwenye kilele, maili ya ishirini, alikaa kivulini mwa jiwe akala tende, akacheka kwa sauti kwa jambo alilosema Jumaane, jambo ambalo leo halikumbuki hata kidogo. Saa yake ya mkononi ilihifadhi kila kitu: mwendo, mapigo ya moyo, mahali aliposimama, muda aliokaa. Baadaye aliweza kuangalia na kuona hasa alikuwa wapi kila dakika ya asubuhi ile.

Jumapili jioni, walipofika mjini kulala karibu na uwanja wa ndege, simu yake ililetewa jumbe za kazini, za chuo, za mama yake kutoka Tanga. Za Springfield hakuna. Alifungua kundi la wanawake wa Springfield kwenye simu akakuta ameondolewa. Alidhani wamegundua safari yake na sasa wanamsema kwa raha zao. Alikasirika, akaoga, akalala.

Jumatatu mchana, kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, aliyekuja kumpokea alikuwa Yasir. Nunu hakuwa amemwomba. Yasir alikuwa amevaa kanzu siku ya kazi, ndevu hazijachanwa, na macho yake mekundu. Alimpokea begi. Lilikuwa na vumbi jekundu kila mahali, lakini Yasir hakulitazama.

"Mtihani ulikwendaje?" aliuliza.

Mpaka leo Nunu hajui kwa nini alijibu alivyojibu. Mdomo ulizoea.

"Vizuri," alisema.

"Alhamdulillahi." Yasir alifunga buti, akasimama amelishika kwa mikono miwili. "Basi sasa naweza kukwambia. Mama ametangulia mbele ya haki. Jumamosi, saa nne asubuhi. Tumemzika jana baada ya adhuhuri."

Garini alimweleza yote kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuyaeleza mara nyingi. Ijumaa asubuhi hali ilibadilika, wakampeleka hospitali. Kali alitaka kumpigia Nunu saa ileile. Walibishana kwenye korido, yeye na mkewe, kwa sauti ya chini.

"Nilimwambia, kwetu mtu aliye mtihanini haambiwi," alisema Yasir. "Mimi mwenyewe baba alikufa nikiwa kidato cha nne, na nyumba nzima ikanificha siku tatu mpaka nimemaliza karatasi ya mwisho. Shangazi alinipikia chai kila asubuhi akaniaga kwa tabasamu. Nilikasirika, lakini nilifaulu. Ndio maana niko hapa. Kali alisema Nunu hatanisamehe. Nikasema atanisamehe, atakuwa na cheti. Nikawaambia wote wakufiche. Hata lile kundi nikaomba wakutoe, usije ukaona."

Nunu alikuwa anatazama magari.

"Wasia wake nimeuvunja mimi, si wewe," Yasir aliendelea. "Dhambi yangu. Lakini mwenyewe aliridhia. Ijumaa usiku alikuulizia. Nikamwambia Nunu yuko kwenye mtihani. Akasema, asisumbuliwe. Akainua mikono hivi, na mipira yote ile ya dawa, akakuombea ufaulu."

Hapo Nunu aliomba asimamishe gari. Alitapika kando ya barabara kuu, na Yasir akamshikia mtandio usichafuke, akimwambia pole dada, pole, kazi ya Mungu.

Nyumba ilikuwa imejaa. Kesho yake ingekuwa hitima ya siku ya tatu, na wanawake walikuwa jikoni wakimenya vitunguu. Walimkumbatia mmoja mmoja. Walimpa pole kuliko walivyompa mtu mwingine yeyote, maana kila mmoja alijua wasia, na kila mmoja alijua alivyonyimwa. Mwanamke yule yule aliyewahi kuuliza nani anamfukuza alimshika mashavu akasema, "Umejitahidi mwanangu, kusoma si mchezo." Nunu alitamani wamtukane.

Kali alimchukua juu, chumbani kwa Bi Ummu, akafunga mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kali alikaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwalimu wa hesabu, mwenye sauti ya kutawala darasa, lakini sasa alinong'ona.

"Dada Nunu, nataka kukuuliza kitu, na tafadhali, be honest with me."

"Uliza."

"Mimi ndiye niliyemwosha. Hapakuwa na mtu. Mama mmoja Msomali kutoka msikitini alikuja kunisaidia, lakini yeye alichelewa, na watu wa msikiti walisema maiti isicheleweshwe. Nilianza peke yangu. Sijawahi kugusa mtu aliyekufa. Yasir alisimama nje ya mlango ananisomea maagizo kwenye simu, kwa sababu mwana haruhusiwi kuingia. Analia na anasoma. Nilikuwa sisikii vizuri." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nilianza upande wa kushoto. Yule mama alipofika akaniambia, no, sister, kulia. Tulirudia. Lakini maji ya kwanza niliyoyamwaga yalikuwa kushoto. Na yalikuwa ya moto. I think yalikuwa ya moto sana. Tangu Jumamosi silali. Nilimharibia? Kuosha kwake, kulikuwa batili?"

Nunu alipiga magoti mbele yake. Alikuwa na jibu, jibu la Bi Ummu mwenyewe, kwamba Mungu hatazami upande, anatazama mkono ulio na adabu. Angelitoa jibu hilo, wangelia wote wawili, na lingekwisha. Lakini Kali alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mwenye elimu, na Nunu aliona kwamba mwanamke huyu amebeba siku tatu mzigo usio wake.

"Hukukosea," alisema. "Kulia ni sunna. Ulirudia, imetosha. Umemwosha sawasawa. Aliyekosea ni mimi. Sikuwa na mtihani, Kali."

Kali hakuelewa mara moja.

"Nilikwenda kukimbia. Jangwani, na Jumaane na wenzake. Nafanya mazoezi ya mbio. Mtihani ni uongo, niliuzoea. Na Ijumaa nilipompigia Yasir nilisikia mashine. Nilijua mko hospitali. Sikuuliza, kwa sababu angeniambia ningelazimika kurudi."

Chini kulikuwa na mtu anacheka kidogo jikoni, kama watu wanavyocheka msibani bila kujijua. Kali alijifuta pua tena.

"Nilitaka kukupigia," alisema mwishowe, kwa Kiswahili kitupu, neno kwa neno. "Nilikuwa na simu mkononi. Yasir aliniambia, wewe ni Mmarekani, huelewi mambo yetu. Nikanyamaza, kwa sababu niliheshimu mambo yenu."

"Nisamehe."

"Kama tungekwambia Ijumaa, ungerudi?"

"Ningerudi."

"Ungefika?"

Nunu alipiga hesabu ambayo alikuwa ameshaipiga mara mia tangu uwanja wa ndege. "Ningefika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Ningemwosha."

Kali alitikisa kichwa taratibu, akainuka, akapangusa gauni lake. Mlangoni alisema, "Yasir usimwambie. Anaamini alikufanyia wema. Muache na hilo." Kisha akashuka kwenda kusaidia vitunguu.

Kali mwenyewe pia alitunza siri. Hakumwambia mumewe, wala wale wanawake. Kwenye hitima waliendelea kumuuliza Nunu kama matokeo yametoka, na mmoja akamhakikishia kwamba kwa dua ile ya Bi Ummu hawezi kufeli, na yeye akajibu bado, matokeo bado. Alijibu hivyo wiki ya kwanza na wiki ya pili. Kazini alichoma sindano zake, chuoni alikaa kiti cha nyuma. Ziwani hakwenda. Siku moja mchana, akiwa amevaa viatu tayari, alikaa ngazini nje ya nyumba yake mpaka giza likaingia, akavivua. Kesho yake aliwaandikia waandaaji wa mbio za Utah kwamba anajitoa, na kwa Jumaane akasema goti.

Wiki ya tano akafa mwanamke wa Lamu aliyekuwa akiishi Bowie. Nunu alisikia habari hiyo kwenye lile kundi la simu, walikokwisha kumrudisha. Alisubiri simu. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Alikuwa ameshatayarisha mkoba wake, aproni, glavu, karafuu maiti, vitana viwili. Alipoona kimya kinazidi alimpigia Kali.

"Ndiyo, tumepata habari," alisema Kali. Nyuma yake maji yalikuwa yanamiminwa. "Wameniita mimi. Niko hapa tayari, na yule mama Msomali."

"Nije? Naweza kufika kwa dakika arobaini."

Kali alipojibu, alikuwa mpole, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko siku zote.

"Hapana, dada. Tunatosha. Wewe fanya mazoezi yako. Mbio zimekaribia, siyo?"

"Ndiyo," alisema Nunu. "Zimekaribia."